Msomi Kafungua Bafu Machimboni

“Mwanao ametuua, mayu! Ametuua wote!”

Kwa maneno hayo Mama Sabiti alikalishwa chini juu ya kifusi, kiatu kimoja cha mwanawe, alichokiokota hapo hapo, mkononi, na wewe msomaji ukaachwa wiki nzima ukijiuliza maiti ziko wapi. Tusikawie. Aliyesema maneno hayo na kumwita mayu, yaani mama, ni Nkwabi, mwenye duara kubwa kuliko yote katika machimbo yale ya upande wa Mwakitolyo. Duara ndilo shimo la kuchimbia dhahabu. Sururu ilikuwa begani mwake na nyuma yake limesimama kundi zima la wachimbaji, weupe kwa vumbi kama watu waliotoka mashine ya kusaga.

Mama Sabiti akajikaza.

“Kamuua nani?”

“Sisi.”

“Ninyi mbona mmesimama?”

“Tumesimama, lakini tumeshakufa.”

“Baba, mimi nimetoka Kahama juu ya magunia ya mpunga, mgongo huu hauna hali. Usinifanyie mafumbo. Mwanangu kafanya nini?”

Nkwabi akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti kama mtu anayetaja jambo la aibu mbele ya wakwe.

“Amemwogesha Masele.”

“Amemfanyaje?”

“Amemwogesha! Kwa sabuni! Mpaka nyuma ya masikio!”

Kundi likapasuka katikati, akaonekana kijana mmoja anang'aa kama sahani ya Idi, analia machozi. Huyo ndiye Masele mwenyewe, mchimbaji wa duara la Nkwabi.

“Nilimkataza, mama,” Masele akalia. “Nikamwambia mwenzio niko kwenye mkanda wa mawe ya dhahabu, nazalisha. Akasema ni bure, onja tu. Nikaonja! Asubuhi naingia shimoni, dhahabu hakuna!”

Mama Sabiti akashika kifua. Kumbe hakuna maiti! Kumbe ni kuoga tu! Raha ikampanda kutoka miguuni, na kabla hajaizuia kicheko kikamtoka, kicheko kirefu chenye machozi, huku akisema “Alhamdulillahi, Alhamdulillahi” na kujipiga paja kwa kile kiatu.

Kosa kubwa. Hakuna aliyecheka naye.

“Mama, wewe ni mtu wa mjini,” Nkwabi akasema polepole. “Hujui. Duara likianza kuzalisha, mtu haogi. Anakaa na uchafu wake mpaka mkanda uishe, maana bahati inakaa juu ya ngozi. Ukijimwagia maji unaimwaga nayo. Mwanao ameimwaga bahati ya duara zima kwenye mfereji. Na hatoki hapa mpaka irudi.”

Ndipo kicheko kikakatika, maana Mama Sabiti alikumbuka kilichomleta.

Chuo kilikwisha funguliwa. Redio ilitangaza kwamba mwanafunzi ambaye hataripoti wiki hii jina lake linafutwa. Tiketi ya treni ilikuwa kwenye pindo la khanga yake, ya jioni hii hii kutoka Isaka. Lori la Donatus lililomleta lilikuwa linapakia viroba, likimaliza linaondoka kwenda Isaka. Sabiti asipopanda lori hilo, usomi umekwisha, na ule ukuu wa wilaya ambao mama yake amekwisha uahidi mtaa mzima umekwisha pia. Kahama majirani walishaanza kumwita Mama DC. Leo aende akawaambie nini? Kwamba mwanawe anaogesha watu?

Wazazi, tusidanganyane. Tunapeleka watoto vyuoni tukidhani hatari ni pombe na wasichana. Hatari nyingine hatuijui hata jina.

Huyu Sabiti aliondoka nyumbani mzima. Mwaka wa kwanza alirudi anaongea maneno mazuri: mipango ya taifa, wakulima na wafanyakazi, mfanyabiashara ni kupe. Mama yake alifurahi, akampikia pilau, akijua mtoto anayemwita mfanyabiashara kupe hakosi kupewa ofisi na gari la serikali. Mwaka wa pili alirudi likizo amepinduka chini juu. Mwalimu wao mmoja alisimama mbele ya darasa akawaambia ofisi zimejaa, kaangalieni huko kwenu watu wanakosa nini, muwapelekee. Basi! Sentensi moja, darasa zima likalewa. Mmoja akaanza kunyoa wenzake bwenini. Mwingine akakodisha pasi. Wa tatu akakaanga maandazi kwa jiko la umeme mpaka bweni zima likaingia giza, na hata humo gizani akayauza.

Sabiti akashuka na ugonjwa huo hadi Kahama. Stendi ya mabasi: “Samahani, hapa watu wanakosa nini?” Msikitini, watu wanavaa viatu: “Samahani, hapa watu wanakosa nini?” Kwenye matanga ya mzee wa jirani aliwazunguka waombolezaji mmoja mmoja, mpaka bibi mmoja akamjibu, “Marehemu!”

Kisha akasema anakwenda machimboni siku mbili kumwona rafiki. Akaondoka na maboksi. Mama yake alipojua baadaye kwamba ndani ya maboksi ni sabuni, alikimbia kufunga mlango. Mnakumbuka ule mwaka wa msako wa walanguzi? Mtu alikuwa anakamatwa kwa kukutwa na miche ya sabuni uvunguni. Jirani yake Philomena aliizika yake uani, mvua ikanyesha, uwanja mzima ukatoa povu, na Philomena akakaa juu ya povu siku nzima, ametandaza khanga, akisema anaanika mtama. Siku hizi wanasema ruksa. Lakini moyo wa mama haupewi ruksa na mtu.

Haya, turudi machimboni.

“Yuko wapi?” Mama Sabiti akauliza.

Wakamwonyesha kibanda cha magunia ya katani yaliyozungushiwa miti. Juu yake ubao: BAFU LA KISASA. KARIBUNI WATEJA. Kwenye tundu la gunia kulikuwa na jicho moja, linacheka.

“Mama! Shikamoo! Umefika wakati mzuri sana!”

“Marahaba, mwendawazimu mkubwa we. Wamekufungia?”

“Hawajanifungia, mama. Wamenizuia kwa muda. Wateja bado hawajaielewa huduma.”

“Wateja wameshika sururu!”

“Ndiyo hatua ya mwanzo. Mteja hupinga kwanza. Mama, tazama mwenyewe, watu wote hawa, wachafu wote hawa, na hakuna bafu hata moja! Wenzangu wote chuoni wametafuta pengo kama hili hawajaliona!”

“Hukujiuliza kwa nini halipo?”

Jicho likapepesa.

“Hilo... hatukufika, mama. Tulikuwa bado kwenye sura ya pili.”

Honi ya Donatus ikalia. Mama akamgeukia Nkwabi, akabadilisha sauti, akaifanya laini kama mchuzi wa nazi.

“Baba Nkwabi, huyu ni mtoto. Chuo kinamngoja. Nipeni niondoke naye, bafu libomoeni, magunia chukueni.”

“Dhahabu irudi.”

“Nitairudishaje mimi?”

“Aliyeiondoa anajua alikoiweka.”

Wachimbaji wakaguna kukubali. Lakini juu ya ukingo wa shimo moja dogo alikaa mtu mmoja mwembamba, mchafu kuliko wote, anacheka peke yake, anafurahia msiba wa Masele kama anatazama sinema. Mama Sabiti hasira zote alizokuwa nazo, za lori, za chuo, za mwalimu, akazimwaga kwa huyo.

“Na wewe unacheka nini? Jina lako nani?”

“Mageni, mama. Shikamoo.”

“Sitaki shikamoo yako! Una duara?”

“Hili hapa.”

“Umepata nini humo?”

“Mawe.”

“Mawe ya dhahabu?”

“Mawe ya mawe.”

“Tangu lini?”

“Tangu mvua za mwaka juzi.”

Watu wakaanza kucheka. Mwenye njaa ya kicheko haachi kinachopita.

“Na unaoga?”

“Nioge nimwage bahati, mama?”

“Bahati gani?” Mama Sabiti akapaza sauti, mikono kiunoni. “Wewe bahati unayo wapi? Huyu Masele kamwaga kwa sababu alikuwa nayo! Wewe una mkosi, mwanangu! Mkosi mtupu, umekuganda kama masizi ya sufuria! Maji kama yanaondoa bahati ya mwenye bahati, kwa mwenye mkosi yanaondoa nini?”

Alisema tu kwa hasira. Wallahi hakuwa na maana yoyote.

Lakini machimboni kazi ikasimama. Aliyekuwa anatwanga mawe akaacha. Mageni akasimama taratibu, akavua kofia.

“Mayu,” akasema, “rudia hayo.”

Hakungoja arudie. Alikwisha kuingia bafuni, akimsukuma Sabiti kando. Ndani kukasikika msukosuko wa ndoo, kikohozi cha sabuni, na sauti ya Sabiti ikisema kwa adabu, “Mgongo pia, ndugu mteja?” Maji yaliyotoka chini ya magunia yalikuwa mazito kama uji wa ulezi. Punda aliyeyaleta kutoka lambo akayatazama, akageuza shingo.

Mageni akatoka. Apolonia, mama anayeuza ugali pale machimboni, akaacha mwiko ndani ya sufuria.

“Heee! Kumbe Mageni ni kijana! Mimi siku zote namwamkia!”

Mageni akampita mbio. Akashika kamba, akateremka shimoni kwake akiwa bado anachuruzika maji.

Wakasubiri. Honi ya Donatus ikalia, hakuna aliyegeuka. Kutoka chini ikasikika sururu, ta, ta, ta. Kisha kimya. Kisha sauti ikapanda kutoka ardhini, nyembamba, kama ya mtu aliyeona nyoka:

“Mbaleee!”

Mbale ni mawe yenyewe, yale yenye dhahabu inayoonekana kwa macho.

Sasa nikueleze nini? Kofia zilirushwa. Masele alimkumbatia punda. Sabiti akatoka bafuni akipunga mikono, akijaribu kueleza kwamba mkanda wa dhahabu ulikuwa umekunja kona kutoka duara la Nkwabi na kuingia kwa Mageni, kwamba ungeonekana tu, kuoga au kutooga. Maskini Sabiti! Kwa mara ya kwanza alisema jambo la maana, na hakuna aliyemsikia, maana Nkwabi mwenyewe, aliyekuwa anataka kuua mtu kwa sababu ya sabuni, alikuwa ameshatupa sururu na kukimbilia mlango wa bafu.

“Nipisheni! Tangu asubuhi na mimi sina kitu! Mimi ni mwenye mkosi sasa! Nipisheni!”

“Baba, mstari uko huku!”

“Mimi ni mwenye duara kubwa!”

“Basi na mkosi wako ni mkubwa, utamaliza maji! Kaa nyuma!”

Wakajazana. Kila aliyekuwa anaficha kwamba hajapata kitu mwaka mzima sasa alitangaza kwa sauti. “Mimi hata vumbi!” “Mimi wala hilo duara silioni!” Walishindana kwa umaskini kama watu wanaogombea kiti cha kijiji. Na katikati ya vurugu hiyo nani alikuwa amekunja khanga, ameshika ndoo, anapiga kelele “Mmoja mmoja! Wewe kichwa hujasugua, rudi ndani!” Ni nani kama si Mama Sabiti?

Ndiyo, wasomaji. Na tusifiche, alikuwa na furaha. Alicheka, akamwagia, akasugua, akamkaripia mwanamume mzima mwenye ndevu kuhusu kucha zake, akapewa karanga na Apolonia, akacheka tena. Hivi ndivyo ugonjwa huu unavyoambukiza. Mtu anakuja kuutibu, anaondoka nao.

Honi ya tatu ndiyo iliyomzindua. Donatus alikuwa amewasha lori.

“Sabiti!” Ndoo ikaanguka. “Sabiti, kwenye lori! Sasa hivi!”

“Mama, huoni? Imekubali! Imekubali!”

“Naona. Nimeiona kuliko wewe. Twende.”

“Nikiacha leo, kesho mwingine anaweka bafu lake pale. Mama, hiki ndicho tunachosomea!”

“Husomei hiki! Unasomea uwe mtu!” Kicheko chote kikamwisha usoni. “Sabiti, mimi niliishia darasa la nne. Karatasi zikija naweka dole gumba kwanza ndipo nauliza zinasema nini, niwahi wasije wakanicheka. Dhahabu nitaiweka wapi mimi? Jina lako hilo lililoandikwa chuoni ndilo langu pia. Wakilifuta, wametufuta wote wawili.”

Sabiti akainama. Akatazama bafu, akatazama foleni, akatazama mama yake. Halafu akasema, haraka mno kwa mtu mbishi:

“Sawa, mama. Nenda kakae mbele kwa dereva. Nachukua koti langu, napanda nyuma.”

Mama Sabiti akampa kile kiatu chake. Akapanda mbele. Kwenye kioo cha pembeni akaona lile koti la buluu la chuo linatoka kwenye magunia, kofia kichwani, shuka limezungushiwa uso kwa ajili ya vumbi, viatu vyote viwili miguuni. Likaruka nyuma juu ya viroba. Lori likaondoka.

Njia nzima aliimba. Lori lilipotumbukia shimoni akacheka, lilipotoka akacheka. Alimweleza Donatus jinsi mwanawe atakavyokuwa mkuu wa wilaya, na kwamba siku hiyo Donatus asijidai hamjui. Walipita Kagongwa bado anaongea. Jua lilikuwa linateremka walipoingia Isaka, na treni ndiyo kwanza inaingia kutoka Mwanza, inapiga kelele, watu wanakimbilia mabehewa na kuku na vitanda.

“Sabiti, shuka! Treni hiyo!”

Koti la buluu likaruka chini. Shuka likafunguka.

“Shikamoo, mama.”

Alikuwa kijana mwembamba, msafi, uso laini. Mama Sabiti akamtazama vizuri.

“Marahaba. Wewe nani?”

“Mageni, mama. Si wewe uliyenifanya nioge?”

Treni ikapiga honi.

“Mwanangu yuko wapi?”

“Kabaki bafuni. Usimlaumu, mama, tumesaidiana. Mimi nina mbale zangu, nikitoka machimboni na sura yangu kila mwizi ananijua. Akasema vaa koti langu, upite kama msomi, nani atamshika msomi? Na yeye apate kubaki. Akasema haya yanaitwa makubaliano ya pande mbili.” Mageni akatabasamu kwa fahari. “Hata meno kanisugua.”

Mtu mwingine angekaa chini alie. Mama Sabiti alikwisha kaa chini mara moja katika hadithi hii, inatosha. Akatazama lori: Donatus ameshazima, ameshashuka, anatafuta chai. Kurudi machimboni leo hakuna. Treni nyingine kabla wiki haijaisha hakuna. Akafungua pindo la khanga, akaitazama tiketi.

“Vua hilo koti.”

“Mama?”

“Vua!”

“Mama, ngoja kwanza nitoe...”

Hakungoja. Alimvua koti kama anavyovuliwa mtoto aliyelowa, akalivaa juu ya khanga zake, akalifunga vifungo vyote, akashika chuma cha behewa na kujivuta ndani treni ikianza kutambaa. Mageni akakimbia pembeni mwa dirisha, mikono hewani.

“Mfuko, mama! Mfuko! Mfuko wa ndani!”

“Na wewe pia, mwanangu!” akamjibu kwa kumpungia, maana kelele za magurudumu zilikuwa nyingi. “Mwambie Sabiti asiwe na wasiwasi!”

Isaka ikabaki nyuma. Mkagua tiketi akapita, mtu mzima mwenye miwani, akaitazama tiketi, akamtazama mama mwenye koti la chuo.

“Dar es Salaam. Unakwenda kumsalimia mtoto, mama?”

“Siendi kumsalimia mtu. Nakwenda Chuo Kikuu. Wakiita jina la Sabiti, nitaitika.”

Behewa zima likageuka.

“Utaitika?” Mkagua tiketi akashusha miwani. “Kwani wewe unasoma pale?”

“Mwaka wa pili,” akasema Mama Sabiti.

Behewa likalipuka. Watu walicheka mpaka kuku wakacheka nao, mzee mmoja akampa nafasi ya dirishani akimwita profesa, na Mama Sabiti mwenyewe akacheka kuliko wote, machozi yakimtoka, akatia mkono mfuko wa ndani wa koti kutafuta kitambaa ajifute.

Kilichotoka si kitambaa. Kiliruka, kikagonga sakafu ya behewa kwa kishindo, kikabiringika kikimeta chini ya taa, kikasimama kwenye ncha ya kiatu cheusi kilichong'arishwa vizuri sana.

Mwenye kiatu hicho alikuwa amevaa sare. Akainama, akaokota, akakigeuza mara mbili kwenye mwanga. Vicheko vikafa kimoja kimoja.

“Na hili jiwe, mwanachuo,” polisi akauliza kwa upole, “ni la somo gani?”